Mwalimu na Deni Lake

 

Wahitimu, kuanzia leo mnaitwa walimu. Kwa hiyo nitawasimulia habari za mwalimu mwenzenu, Jim Morris, aliyefundisha sayansi katika sekondari ya mji mdogo wa Big Lake, Texas, Marekani, huku akiinoa timu ya besiboli ya shule.

Ujanani alikuwa mrushaji wa mpira. Klabu ya Milwaukee Brewers ilimchagua mwaka 1983, lakini majeraha ya mkono yakamkwamisha kwenye ligi za chini hadi akaacha. Miaka ikapita. Mwaka 1999 akawa anawahimiza wanafunzi wake wasikate tamaa, nao wakamgeuzia kibao: na wewe je, mwalimu? Wakapatana. Vijana wakitwaa ubingwa wa wilaya, mwalimu ataenda kwenye majaribio ya klabu za kulipwa. Vijana wakautwaa.

Ahadi ni deni. Morris, mwenye miaka 35, akaenda kwenye majaribio ya klabu ya Tampa Bay Devil Rays pamoja na watoto wake wadogo. Mpira wake ukapimwa: karibu kilomita 158 kwa saa, kasi ambayo hakuwa nayo hata ujanani. Tarehe 18 Septemba mwaka huohuo alisimama na klabu hiyo katika Ligi Kuu, hukohuko Texas, akamtoa mpigaji wa kwanza, Royce Clayton.

Hakuwa nyota. Alicheza mechi 21 tu katika misimu miwili, na hakuandikiwa ushindi hata mmoja. Mechi ya mwisho, Mei 2000 huko New York, alishindwa kulenga, na wapinzani, Yankees, wakapata pointi ya ushindi bila hata kuupiga mpira.

Je, alishindwa? Deni lake halikuwa kushinda wala kudumu, lilikuwa kwenda. Alilimaliza siku ya majaribio, kabla kipima kasi hakijasema lolote.

Nanyi mtawaambia watoto wajaribu hesabu wanazoziogopa, wasione haya kukosea. Siku moja mmoja atanyoosha kidole: na wewe je, mwalimu? Msimwite mjeuri. Mjibuni kwa vitendo: kajiendelezeni kimasomo, kafundisheni mada mnayoikwepa, hata matokeo yakiwa ya kawaida. Darasa linalomwona mwalimu wake akijaribu halihitaji hotuba ndefu, kwa hiyo nami naishia hapa.