Kombe la Manowari: Habari za Mashindano ya Raga katika Afrika ya Mashariki



Jioni hii twapenda kuwasimulia habari za kombe ambalo wengi wetu hapa Nambis hatujapata kuliona kwa macho. Ni kombe la mchezo wa raga, nalo huitwa Kombe la Enterprise. Lilishindaniwa na vilabu vya Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo leo ni Tanzania, kuanzia mwaka 1930. Na watu waliolishindania kwa miaka mingi hawakupokea hata senti moja kwa jasho lao.

Labda mtu atauliza, “Raga yatuhusu nini sisi watu wa Mbulu?” Swali hilo ni la haki. Nchi yetu yajulikana kwa mbio. John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, ndiye aliyemaliza mbio ndefu za Olimpiki kule Mexico mwaka 1968 hali mguu wake umeumia na kufungwa kitambaa. Gidamis Shahanga wa Katesh alishinda mbio ndefu katika michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edmonton mwaka 1978. Mtoto wa hapa, ambaye kila asubuhi hupanda na kushuka vilima katika ukungu kwenda shule, hana haja ya kufundishwa kukimbia. Lakini habari za kombe hili zina jambo ndani yake limpasalo kila mtu aongozaye vijana, awe mwalimu au mzazi. Twaomba mtuvumilie kidogo, nasi tutalifikia.

Kwanza, mchezo wenyewe. Raga huchezwa na watu 15 kila upande. Mpira wake si duara kama wa kandanda, bali una umbo la yai, na mchezaji huruhusiwa kuushika mikononi na kukimbia nao. Aweza kuupiga teke kwenda mbele, lakini akitaka kumpa mwenzake kwa mkono, sharti autupe kando au nyuma, kamwe si mbele. Kwa hiyo akimbiaye mbele peke yake, wenzake wasiwe karibu naye, hana wa kumpa. Ataangushwa na mpira utapotea. Afikapo nyuma ya mstari wa goli la wapinzani huuweka mpira chini, na upande wake hupata pointi. Zamani zilikuwa 3. Mwaka 1971 zikawa 4. Na tangu mwaka 1992 ni 5.

Sasa tuje kwenye kombe. Enterprise lilikuwa jina la manowari ya Waingereza, iliyoundwa Clydebank katika Uskoti na kuanza kazi mwaka 1926. Ilitumwa kulinda Bahari ya Hindi, na mabaharia wake wakafahamiana na pwani yetu. Mwishoni mwa mwaka 1928 Edward, mwana wa Mfalme wa Uingereza, alikuwa akisafiri katika Tanganyika, mara simu ikamfikia kwamba baba yake, Mfalme George wa Tano, yu mgonjwa sana. Enterprise ndiyo iliyompokea Dar es Salaam na kumpeleka mbio mpaka Brindisi katika Italia. Mwaka 1936, majeshi ya Waitalia yalipoiteka Uhabeshi, meli hiyo hiyo ilimchukua Mfalme Haile Selassie kutoka Djibouti hata Haifa. Na mwezi wa Aprili 1942, manowari mbili za Waingereza zilipozamishwa na ndege za Wajapani, Enterprise ilikuwa moja ya meli tatu zilizookota baharini watu zaidi ya 1,100.

Mabaharia wa meli hiyo ndio waliolitoa kombe, ili vijana wa nchi hizi walishindanie. Taratibu yake ilikuwa ya mtoano, yaani ashindwaye hutoka, ashindaye huendelea, mpaka wabaki wawili. Manowari yenyewe iliuzwa mwaka 1946, ikavunjwavunjwa kuwa vyuma chakavu. Mizinga yake haipo tena, na injini zake zilizokuwa na nguvu nyingi hazipo tena. Kitu kidogo ambacho mabaharia walikitoa kwa ajili ya mchezo ndicho kilichobaki na jina lake.

Lakini, ndugu zetu, tukisema “vijana wa nchi hizi” yatupasa kuuliza, vijana gani? Hapa hatuna budi kusema kweli. Katika miaka hiyo raga ilikuwa mchezo wa Wazungu: maofisa wa serikali, walowezi wa nyanda za juu za Kenya, askari na wafanya biashara. Mwafrika alikata majani ya kiwanja, akachora mistari kwa chokaa, kisha akasimama nje ya ua akitazama. Mwaka 1955 timu mashuhuri ya Visiwa vya Uingereza, iitwayo Lions, ilipita Nairobi ikirudi kutoka Afrika Kusini, ikaishinda timu ya Afrika ya Mashariki kwa pointi 39 kwa 12. Mwaka 1962 ikarudi na kushinda 50 kwa bila. Nani ajuaye ni wakimbiaji wangapi wenye miguu myepesi walikuwa siku zile nje ya ua, ambao hakuna aliyewaita?

Ua wa namna hiyo haukujengwa kwa rangi ya ngozi peke yake. Huko huko Uingereza palikuwa na ua mwingine. Sheria ya raga ilisema kwamba mchezaji asilipwe chochote, maana huu ni mchezo wa ridhaa. Neno hilo ni zuri. Lakini kaskazini mwa Uingereza wachezaji wengi walikuwa wachimba makaa na watu wa viwanda vya nguo. Mtu kama huyo akienda kucheza Jumamosi alikosa ujira wa siku ile, na nyumbani watoto walikosa chakula. Vilabu vyao viliomba wachezaji walipwe ule ujira uliopotea tu. Wakuu wa mchezo wakakataa. Basi mwaka 1895, katika mji wa Huddersfield, vilabu zaidi ya 20 vilijitenga na kuanzisha chama chao wenyewe. Raga ikagawanyika mara mbili, na mgawanyiko huo haukuzibwa tena, ingawa katika mwaka 1995, baada ya miaka 100 kamili, wakuu wale waliruhusu malipo.

Habari hizi tulipozisoma zilituchoma moyoni, nasi tutawaambia sababu. Katika chuo kimoja cha ualimu tulichofanyia kazi palikuwa na mwanafunzi mwenye mbio kupita wenzake wote. Tulimtia katika timu ya chuo. Lakini kila Jumamosi, siku ya mchezo, hakuonekana. Tulimwonya mara ya kwanza, tukamwonya mara ya pili. Mara ya tatu tukalifuta jina lake, tukasema mbele ya wenzake kwamba yeye ni mvivu na hana moyo wa kuitumikia timu yake. Yeye hakujibu neno. Aliinamisha kichwa tu.

Baada ya majuma machache tulipita njia ya mashambani siku ya Jumamosi, tukamwona akilima shamba la mtu kwa kibarua. Tulimwuliza, “Mwanangu, kwa nini hukutuambia?” Akatia jembe chini, akasema, “Mwalimu, wasema mcheza kwao hutunzwa. Mimi nikicheza, mdogo wangu atarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Nilione haya kusema mbele ya watu.” Tulisimama pale tusijue la kunena. Sisi tulimwita mvivu kijana aliyekuwa akifanya kazi kuliko sisi sote.

Kosa letu lilikuwa lile lile la wakuu wa mwaka 1895. Tulidhani kwamba mchezo usio na malipo ni bure kwa kila mtu. Sivyo. Kwa mwenye shibe ni bure. Kwa mwenye njaa una bei yake, naye huilipa kimya kimya. Tulirudi chuoni, tukaomba radhi mbele ya wale wale waliotusikia tukimlaumu, na michezo tukaihamisha kutoka Jumamosi hata alasiri ya Jumatano. Hatukutoa hata shilingi moja, na kijana akarudi uwanjani.

Na Kombe la Enterprise je? Nalo liliufungua ua, ingawa kwa kuchelewa. Uhuru ulipokaribia, shule za Nairobi zilizokuwa za Wazungu tu, kama Prince of Wales, ambayo baadaye ikawa Nairobi School, na Duke of York, ambayo ikawa Lenana, zilianza kupokea watoto wa Kiafrika. Watoto hao wakajifunza raga, wakakua, wakaingia vilabuni. Mwaka 1977 kikazaliwa kilabu cha Mwamba, kilichoanzishwa na Waafrika wenyewe, na vijana wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakaunda timu yao iitwayo Mean Machine. Katika Uganda mchezo ulitia mizizi kwa wenyeji, hata mwaka 2007 taifa hilo likatwaa ubingwa wa Afrika. Mwaka 2016 Kenya iliishinda Fiji kwa pointi 30 kwa 7 huko Singapore, katika raga ya watu saba saba, na Fiji ndiyo iliyotwaa medali ya dhahabu ya mchezo huo katika Olimpiki mwaka huo huo. Walioshinda walikuwa wajukuu wa wale waliosimama nje ya ua. Kwetu Tanzania raga bado ni changa, nayo yajulikana zaidi katika miji kama Arusha na Dar es Salaam.

Basi, wasikilizaji, hatusemi kwamba kesho mche mahindi yenu kwa mipira yenye umbo la yai. Twasema hivi: kila mahali vijana wanapocheza, iwe kandanda kwa mpira wa matambara, iwe mbio, mkubwa aliyesimamia asiwatazame tu walio ndani ya mistari. Na atazame nje ya ua, aulize ni nani hayupo, na kwa sababu gani. Mara nyingi yule asiyekuja si mvivu. Ana jembe mkononi.

Raga yafundisha kwamba mpira hutupwa nyuma, kwa mwenzako anayekufuata. Aliye mbele na akumbuke kugeuka.