Jinsi Kipofu Aujuavyo Ulimwengu

(Hotuba iliyosomwa na Karani mbele ya mkutano wa mwaka wa wanachama wa Thika na Ruiru)



Wengi wetu hudhani kwamba aliyezaliwa kipofu kabisa huishi gizani. Sivyo. Giza hulijua yule aliyepata kuona mwanga. Huyu ana ulimwengu wake, ulioundwa kwa vidole, masikio, pua na nyayo. Hutambua Mto Chania kwa ngurumo ya maporomoko, na Ruiru kwa harufu ya maganda ya kahawa, katika mashamba yale ambayo hayajageuzwa kuwa viwanja vya nyumba.

Mwaka 1688 William Molyneux wa Ireland alimwuliza mwanafalsafa John Locke: kipofu aliyezoea kupambanua tufe na mchemraba kwa kugusa, akifunguliwa macho, atavitambua kwa kutazama tu? Mwaka 2011 Pawan Sinha na wenzake walitangaza jawabu kutoka India, kwa watoto waliotibiwa macho. Mwanzoni walishindwa kulinganisha walichokigusa na walichokiona. Baada ya siku chache waliweza. Kwangu mimi maana yake ni kwamba umbo lilikwisha kukaa akilini kwa njia ya mkono, na jicho ndilo lililohitaji kufundishwa.

Basi tazameni tunavyowatenda watoto wetu wasioona. Twamketisha mtoto kwenye kigoda toka asubuhi hata jioni asije akajikwaa, tukimweleza kwa maneno kwamba mbuzi ana miguu minne. Ni huruma, lakini huruma hiyo humnyima akili chakula chake. Mpeni ampapase mbuzi, pembe hata kwato. Kilimambogo hakishikiki; mfinyangieni kilima cha udongo, kisha mpandisheni mteremko wa kweli ili miguu yake ipime. Rangi atazipata kwa kusikia, kama sisi tulivyopata habari za nchi tusizofika.

Na shule haiko mbali. Shule ya Vipofu ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946. Maandishi ya vipofu, aliyoyatangaza Louis Braille mwaka 1829, yana nukta sita tu, nazo hutoa alama 63, zatosha kwa herufi, tarakimu na hata muziki.

Wapo vijijini mwetu watoto ambao bado wamefichwa kwa aibu. Namwomba mzee ye yote ajuaye mmoja wao amwambie Mweka Hazina, au mimi, kabla ya mwezi wa Desemba, ili kamati ipate kuzungumza na wazazi na kutafuta nauli na sare kabla muhula wa Januari haujafunguliwa.