Rozimari ya Bustani na Rozimari ya Chungu

Leo tutazungumza juu ya mmea mmoja tu wa kutia harufu katika nyama na viazi. Jina lake ni rozimari. Mwalimu wenu aliandike ubaoni, nanyi mlisome polepole: ro-zi-ma-ri.

Somo hili limeletwa na barua. Mama mmoja wa Tanga, aliyejifunza kuandika ukubwani, anasema alinunua mche wa rozimari huko Lushoto. Aliupanda katika kopo barazani, akautia maji asubuhi na jioni. Ukafa. Akanunua wa pili, nao ukafa. Jirani yake amemwambia kwamba ana mkono mbaya. Je, anunue wa tatu?

Mama, mkono wako ni mzima. Tutazame kwanza mmea wenyewe. Kwao ni kando ya Bahari ya Kati, katika nchi kama Hispania, Italia na Moroko. Huota vilimani penye mawe na jua kali, na wakati wa kiangazi huko mvua ni adimu. Shika jani lake. Ni jembamba kama sindano, kingo zimejikunja, na chini ni jeupe. Jani la namna hiyo hutunza maji. Mmea huu huvumilia kiu; kinachouua ni mizizi kukaa majini.

Na hapo pana mtego. Mizizi ikioza haiwezi tena kuvuta maji, basi majani hunyauka na kuwa ya kahawia, sawasawa na mmea wenye kiu. Mwenye mmea huuonea huruma, akazidi kuutia maji. Mimi mwenyewe niliua rozimari hivyo hivyo, na diploma yangu imetundikwa ukutani hatua chache tu kutoka pale lilipokuwa kopo. Nilipoung'oa nilikuta mizizi myeusi, inanuka. Kopo halikuwa na tundu hata moja.

Sasa tuchague. Aina ni nyingi, lakini yatosha kujua makundi mawili. La kwanza ni rozimari ya kusimama. Ile iitwayo Tuscan Blue, yenye maua ya buluu, yaweza kufika kimo cha mtu. Hiyo ni ya kupandwa ardhini. Watu wa milimani, kama Lushoto au Limuru, waweza kuifanya ua wa nyumba, kwa nafasi ya sentimita 60 kati ya mche na mche, mahali pasipotuama maji. Ukiipunguza, kata penye majani. Ukikata kwenye mti mtupu, tawi hilo mara nyingi halichipui tena.

La pili ni rozimari ya kutambaa, nayo huitwa Prostratus. Matawi yake hulala na kuning'inia ukingoni. Hii ndiyo ya chungu, nami naona ndiyo imfaayo mtu wa Pwani, maana masika yakianza chungu hubebwa kikawekwa chini ya upenu. Muuzaji akikusifia aina ya Arp kwa kustahimili baridi kali, mshukuru tu. Tanga hakuna theluji.

Chungu cha udongo hupita kopo, kwa kuwa hupitisha hewa. Kiwe na tundu chini na upana wa sentimita 30 hivi. Changanya sehemu mbili za udongo na moja ya mchanga wa mtoni. Mchanga wa pwani una chumvi. Kiweke juani. Kabla ya kutia maji, ingiza kidole udongoni. Ukisikia unyevu, acha mpaka siku nyingine.

Basi, Mama, usinunue mche wa tatu. Mbegu nazo zisikusumbue: huota kwa shida, na mche waweza usifanane na mama yake. Mwombe mwenye rozimari ya kutambaa akupe kitawi cha sentimita 10 kisicho na maua. Ondoa majani ya nusu ya chini, ukichomeke katika mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini. Baada ya wiki sita hivi kivute taratibu. Kikishikilia, kina mizizi, kihamishie chunguni. Kikikua, mkatie kitawi yule jirani yako, kisha utuandikie barua nyingine.