Aliyekufa Aliugua Nini?

Leo tuzungumze juu ya daftari la vifo. Wengi wetu hulikumbuka siku ya kutafuta kibali cha mazishi tu. Naibu wa chifu anauliza, "Aliugua nini?" Tunajibu, "Ah, ni homa tu," anaandika, tunaenda kuchimba kaburi.

Sasa sikieni jambo hili. Mwaka 1854 kipindupindu kilivamia mtaa wa Soho, jijini London, kikaua watu zaidi ya 600. Daktari John Snow alichukua orodha ya vifo 83 kutoka ofisi ya serikali ya uandikishaji, akazunguka akiuliza kila jamaa: mlikuwa mkiteka maji wapi? Karibu wote walikaa jirani na pampu ya Broad Street. Watu kumi tu walikuwa na pampu nyingine karibu zaidi, na hata hao, watano walikuwa wakichotewa maji ya Broad Street, na watatu ni watoto waliosoma shule iliyokuwa upande huo. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukang'olewa. (Tusitie chumvi: ugonjwa ulikuwa umeanza kupungua, maana watu wengi walikuwa wamehama.)

Kasisi kijana wa hapo, Henry Whitehead, hakuamini. Akaanza kuuliza watu wake ili aonyeshe kuwa daktari amekosea, lakini majibu yakamgeuza. Mwaka 1855, akipekua daftari la vifo, akakuta mtoto wa miezi mitano wa nyumba namba 40, Broad Street. Hakuandikiwa kipindupindu. Aliandikiwa kuhara, kulikoanza siku nne kabla ya kufa, yaani kabla mlipuko haujaanza! Akamwendea mama yake. Kumbe maji ya kufulia nepi yalimwagwa kwenye shimo la uchafu mbele ya nyumba. Lilipochimbuliwa, kuta zake zilikuwa zimeoza, na kisima kilikuwa umbali usiofika mita moja.

Je, karani angeandika "homa tu"?

Basi tukiulizwa, tuseme aliugua siku ngapi, kama alihara, alikohoa au alivimba, na alikuwa akinywa maji ya wapi. Kikundi pia kinaweza kuweka daftari lake la shilingi chache. Tunajua kuna magonjwa ambayo familia huona aibu kuyataja. Tusiwalazimishe, na majina yasiandikwe. Umri, dalili na maji yatosha. Kila mwisho wa mwezi katibu alipeleke zahanati, wasome pamoja na muuguzi.