Puto katika Mawingu ya Zuhura na Gesi ya Bonde la Rukwa



Je, katika mawingu ya sayari ya Zuhura kuna viumbe hai? Hoja yangu jioni hii ni kwamba jibu litaletwa na puto, na kwamba watu wa Rukwa wana sababu yao wenyewe ya kulifuatilia.

Ardhi ya Zuhura haikaliki. Joto lake linapita nyuzi 460 za Selsiasi, na mgandamizo wa hewa ni karibu mara 90 ya wetu. Lakini sisi tunaoteremka ukingo wa Lyamba lya Mfipa kwenda Muze tunajua nguvu ya kimo: baridi tunaiacha Sumbawanga, bondeni tunapokewa na joto. Zuhura nako ni hivyo, kwa tofauti kubwa zaidi. Ukipanda kilomita 50 hadi 55, joto na mgandamizo hukaribia vya duniani. Ndiyo maana mwaka 1967 Harold Morowitz na Carl Sagan walieleza kuwa huenda vijidudu vinaelea huko. Kikwazo ni kwamba matone ya mawingu hayo ni asidi kali ya sulfuriki, na maji ni haba mno.

Mwaka 2020 Jane Greaves wa Chuo Kikuu cha Cardiff na wenzake walitangaza dalili za fosfini, gesi ambayo hapa duniani huhusishwa na vijidudu. Wanasayansi wengine waliichambua takwimu ileile wakapinga. Ubishi huo hauwezi kumalizwa na darubini peke yake; lazima tupime ndani ya mawingu yenyewe. Chombo kinachoanguka hupita mawinguni kwa muda mfupi. Puto hukaa humo na kupima kwa utulivu.

Kurusha puto huko kumeshawezekana. Juni 1985 Wasovieti, wakishirikiana na Wafaransa na wengine, waliachilia maputo mawili ya vyombo vya Vega, yakaelea katika mawingu ya Zuhura kwenye kimo cha kilomita 54 hivi. Kila moja lilisafiri zaidi ya kilomita 10,000 na kutuma taarifa kwa karibu siku 2. Yalipima joto, mgandamizo na upepo. Kifaa cha kutafuta uhai hayakubeba, na pengo hilo halijazibwa.

Maputo yale yalijazwa heliamu. Gesi hiyo huzaliwa wakati urani na thori zinapovunjika polepole ndani ya miamba ya kale, kisha joto la Bonde la Ufa huiachilia ipande. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba imejilimbikiza chini ya Bonde la Rukwa. Mwaka 2024 ilitoka hadi juu katika kisima cha Itumbula.

Puto moja la Vega lilihitaji takriban kilo 2 tu za heliamu. Kwa hiyo naiomba Serikali na wawekezaji: kabla gesi yote haijauzwa nje, itengwe sehemu ndogo kwa ajili ya maputo ya utafiti na maabara za shule na vyuo vya mkoa huu. Nanyi wanafunzi, someni kemia, fizikia na baiolojia kwa bidii, ili kifaa cha kutafuta uhai Zuhura kitakapoundwa, Mrukwa awe miongoni mwa waundaji wake.