Kupima Usawa wa Ardhi

Maji hayamtii mhandisi wala mwenye mali, bali hufuata mteremko. Ndiyo maana, kabla ya kuchimba mfereji au kuweka msingi, ni wajibu kujua kwa yakini tofauti ya kimo baina ya mahali na mahali.

Njia iliyo rahisi ni mpira mwangavu uliojazwa maji, ambao ncha zake mbili huonyesha usawa mmoja, nayo yatosha kwa nyumba, ilimradi pasiwe na kiputo cha hewa ndani yake.

Iliyo sahihi zaidi ni darubini ya usawa pamoja na fimbo yenye vipimo: ikisomwa mita 1.85 nyuma na mita 0.60 mbele, basi ardhi imepanda mita 1.25; na mpimaji hodari huisimamisha darubini katikati ya vituo viwili, ili hitilafu ya chombo na athari ya mviringo wa dunia zifutike.

Mlimani, ambako kazi hiyo ni mashaka, hupimwa pembe na masafa, kisha hesabu ikatoa kimo. Hivyo ndivyo Kilimanjaro ulivyopewa mita 5,895 mwaka 1952, ilhali upimaji wa setilaiti wa mwaka 1999 ulipata mita 5,892. Setilaiti huharakisha kazi, ila kimo chake hakianzii usawa wa bahari, na sharti kisahihishwe.

Twawausia, basi, mwajiripo mpimaji, mtakeni amalizie vipimo pale alipoanzia, kwani tofauti itakayodhihiri hapo ndiyo shahidi wa kosa.