Tarakimu Zina Wenyewe: Mazungumzo na Vijana wa Terrat



Nimeombwa nizungumzie kazi ambayo baadhi yenu mliohitimu vyuo mnaikusudia, nayo ni kazi ya mchambuzi kijana katika ofisi ya ushauri wa uchumi. Ni kazi ya heshima, ila heshima hiyo haitokani na tai wala na kompyuta. Tarakimu ambayo kijana huyo ataiandika usiku mezani kwake yaweza kesho kuamua kijiji kipi kipate maji na kipi kingoje, au ardhi ya nani ihesabiwe kuwa ni pori tupu.

Serikali, benki au shirika linapotaka kujua kama mradi utaleta faida, humwita mshauri mwelekezi na kumpa hadidu za rejea, yaani maandishi yanayoeleza swali, muda na matokeo yanayotakiwa. Anayetia sahihi kwenye ripoti ni mshauri mkuu. Lakini anayepekua taarifa za zamani, anayeandaa madodoso, na anayekesha akitafuta kwa nini jumla mbili hazilingani, ni kijana aliyeajiriwa mwaka jana. Cheo chake ni kidogo, lakini mkono wake umo katika kila ukurasa.

Yafaa tutazame historia. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza ilituma ujumbe wa wataalamu ulioongozwa na John Wakefield, uje kuchunguza kama karanga zingeweza kulimwa hapa kwa wingi. Ujumbe ulimaliza kazi kwa wiki chache tu, na sehemu kubwa ya nchi uliitazama kutoka angani kwa ndege. Ripoti yake ilipendekeza ekari zaidi ya milioni tatu zilimwe katika Afrika Mashariki na Kati. Kazi ilianza Kongwa mwaka 1947. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua zikakosekana, na mwaka 1951 mpango ukaachwa baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Wagogo walikuwa wakiujua ukame wa nchi yao, lakini hesabu zile hazikuwajua Wagogo.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Wilaya ya Hanang ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha mpaka Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 yalifunguliwa huko mashamba makubwa ya ngano, ambayo baadaye yaliendeshwa na shirika la NAFCO kwa msaada wa Canada. Ngano ilivunwa, na nchi ilihitaji mkate, hilo tusilikane. Lakini nyanda zile zilikuwa malisho ya Wabarabaig, ambao walihamisha ng'ombe wao kwa kufuata majira. Mtu akipita wakati mifugo imehamia kwingine, ataona majani matupu na kuandika kwamba ardhi haitumiki. Watafiti waliokuja baadaye walionyesha kwamba hasara ya wafugaji haikuwekwa kwenye mizani. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa ushindi; mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua.

Ndugu vijana, nyinyi mmekulia chini ya Mlima Meru, mahali ambapo jiji na malisho vinapakana. Hebu tufanye hesabu ndogo. Chukueni maboma matano. Moja lina ng'ombe 46, na manne yaliyobaki yana ng'ombe mmoja mmoja. Wastani ni ng'ombe 10 kwa kila boma. Hesabu hiyo ni sahihi kabisa, lakini boma lenye ng'ombe 10 halipo popote! Mkopo au josho litakalopangwa kwa ajili ya boma hilo litamfaa nani? Yapangeni maboma hayo kwa mstari, kuanzia dogo hadi kubwa, mlitazame lililo katikati: lina ng'ombe mmoja. Mchambuzi anayeonyesha wastani peke yake hakusema uongo, lakini maboma manne kati ya matano ameyafuta.

Aidha, fahamuni kwamba yuko mteja anayeleta swali, na yuko anayeleta jibu akitafuta muhuri tu. Kijana hana uwezo wa kumwamrisha mkubwa wake. Hata hivyo, anayo mambo manne aliyo na uwezo nayo. Kwanza, aandike kila tarakimu ilikotoka, nani aliihesabu na mwaka gani. Pili, yale aliyoyakisia ayataje wazi kuwa ni makisio. Tatu, aombe kwenda mahali penyewe, tena kiangazi na masika, akawasikilize wanawake wachotao maji na si wenyeviti peke yao. Nne, aombe matokeo yarudishwe kwa Kiswahili kwa wale waliohesabiwa. Ripoti nyingi huandikwa kwa Kiingereza, na mwenye tarakimu asipoweza kuisoma, atawezaje kuisahihisha?

Zamani tulikuwa na la kujitetea. Tulisema mgeni hakujua. Hata mpango wa Madaraka Mikoani wa mwaka 1972 ulibuniwa kwa ushauri wa McKinsey, kampuni ya Kimarekani. Leo vipo vyombo vyetu vya utafiti, kama vile REPOA na ESRF vilivyoanza katika miaka ya 1990, na wachambuzi wake wengi ni wana wa nchi hii. Mtoto wa mfugaji akiandika kwamba malisho ni ardhi tupu, hatutaweza tena kumlaumu mgeni.

Basi nendeni mkaifanye kazi hiyo kwa bidii. Jifunzeni hesabu mpaka mbobee, kwa sababu nia njema isiyojua hesabu haimsaidii mtu. Na kabla hamjakabidhi jedwali lolote, jiulizeni kama mngethubutu kulisoma kwa sauti mbele ya wale waliomo ndani yake.